Kabla Kikundi Hakijanunua Gari, Kisome Moshi Wake



Kikundi kimoja cha vijana na akina mama hapa Kisiwani kimeleta swali ambalo si la kila siku. Wameweka akiba kwa miaka kadhaa, mwezi baada ya mwezi, na sasa wanataka kununua gari kuukuu la abiria na kuligeuza liwe gari la kulala: vitanda viwili, jiko dogo la gesi, tangi la maji, na paa la kuinuka kama yale ya safari. Wageni wanaokuja Fort Jesus na kuzunguka Mji wa Kale watapelekwa Shimba Hills, Tsavo au Malindi, na usiku walale humo humo garini. Wazo ni zuri. Swali lao ni hili: je, gari la namna hiyo linakaguliwa moshi kama matatu, ama kwa kuwa ni nyumba ya magurudumu limesamehewa?

Nimeona tulifanye somo la mwezi huu, kwa sababu jambo hili haliwahusu wao peke yao. Kikundi kinachofikiria kununua tuktuk, pikapu ya kubebea samaki au basi dogo la shule kitakutana na mlango huo huo. Na akiba ya watu wengi ikiingia kwenye gari ambalo haliwezi kupita ukaguzi, hairudi. Gari litabaki limeegeshwa chini ya mwembe, na kikundi kitavunjika kabla ya gari.

Sheria inaangalia kazi ya gari

Wacha tujibu swali kwanza. Hapa Kenya, ukaguzi wa kila mwaka haumuulizi mtu kama gari lina kitanda. Unauliza gari linafanya kazi gani. Likibeba abiria kwa malipo, au likiwa gari la biashara, linakaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kazi ya ukaguzi ilikuwa mikononi mwa polisi. Mtalii anayelipa ni abiria anayelipa, hata akiwa amelala usingizi. Kwa hiyo gari la kikundi chetu halina msamaha. Tena, anayefanya biashara ya kutembeza watalii anahitaji leseni ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na kuipata akiwa na gari lisilo na cheti cha ukaguzi ni kujisumbua.

Gari la binafsi la mtu mmoja kwa muda mrefu halikuwa likifuatwa sana. Lakini mwaka 2025 NTSA iliweka mbele ya wananchi rasimu ya kanuni iliyotaka hata magari ya binafsi yaliyopita miaka minne tangu kutengenezwa yakaguliwe. Basi yule anayesema "tutaliandikisha la binafsi, tukwepe" anajenga juu ya mchanga. Isitoshe, gari la binafsi likipata ajali na abiria wa kulipa ndani, bima ina sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Ukaguzi wenyewe unaangalia breki, taa, tairi, usukani, mikanda, na kidhibiti mwendo ambacho sote tunakijua tangu sheria za Michuki za mwaka 2004. Moshi ni sehemu moja tu. Ila moshi una sheria zaidi ya moja nyuma yake. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lifuke moshi wa kusumbua watu barabarani, na polisi anaweza kulisimamisha gari bovu na kuagiza likakaguliwe hata kama cheti chake hakijaisha. Upande wa mazingira kuna sheria ya 1999 iliyoleta NEMA, halafu kanuni za 2006 kuhusu moshi wa mafuta, na kanuni za ubora wa hewa.

Jambo moja linasahauliwa sana. Ukibadilisha umbo la gari au engini yake, kwa mfano ukakata paa, ukang'oa viti na kuweka vitanda, au ukatoa engini ya petroli ukaweka ya dizeli, ni lazima gari lipelekwe kukaguliwa na kitabu chake kirekebishwe. Kitabu kikisema basi dogo la viti kumi na vinne na mkaguzi akaona kabati la vyombo, hapo moshi hata hautafikiwa.

Jihadharini na gari rahisi la mgeni

Kuna mtego mwingine ambao unatuhusu sisi watu wa bandarini kuliko wa bara. Wasafiri kutoka Ulaya huleta magari yao ya kulala, huzunguka Afrika, na wengine humaliza safari Mombasa wakiwa wamechoka na gari limechoka. Hapo mtu atawaambia vijana wetu: kuna Mzungu anauza nyumba yake ya magurudumu, bei ya kutupa.

Ulizeni gari liliingiaje. Magari mengi ya namna hiyo huingia kwa kitabu cha forodha kiitwacho carnet, ambacho ni ahadi kwamba gari litatoka tena nchini. Ushuru haujalipwa. Ukilinunua hivyo umenunua deni. Pia gari likiwa na usukani wa kushoto, kwa kawaida haliandikishwi Kenya, isipokuwa ya kazi maalumu kama gari la wagonjwa au la zimamoto. Halafu kuna kiwango cha KS 1515: gari kuukuu linaloletwa nchini halitakiwi kupita miaka minane tangu mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza. Gari la kulala la mwaka 2005, hata likiwa zuri kama jipya, limeshachelewa.

Mbona yanauzwa rahisi? Sababu moja ni hiyo hiyo ya moshi. Huko kwao magari haya hayana msamaha. Uingereza gari la kulala hupelekwa ukaguzi wa kila mwaka likishatimiza miaka mitatu, na la dizeli hupimwa moshi kwa mashine. London tangu Agosti 2023 imeweka mji wote kuwa eneo la hewa safi, na gari la kulala lenye dizeli ya zamani, lisilozidi tani tatu na nusu, linalipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea humo. Berlin ilianza kudai stika ya moshi mwaka 2008. Kule California, Marekani, gari la kulala la dizeli lililoandikishwa jimboni humo na lenye uzito wa zaidi ya kilo 6,350 hivi limewekwa katika mpango wa kupimwa moshi pamoja na malori, tofauti ikiwa kwamba lori hupimwa mara mbili kwa mwaka nalo mara moja. Kwa hiyo gari ambalo limefungiwa mlango kwao linatafuta mlango kwetu. Si vibaya kuliangalia. Ni vibaya kulilipia kabla ya kuliangalia.

Moshi una lugha

Sasa tufike kwenye kiini. Watu wengi huamini gari linafuka moshi kwa sababu ni zee. Si hivyo. Kuna malori yaliyozeeka yanayopanda Mazeras bila kuacha wingu, na kuna gari la juzi linalowafukiza watu kama udi. Moshi ni habari inayotoka ndani ya engini, na rangi yake inasema ni habari gani.

Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua yote. Engini imepewa dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Sababu ya kwanza kutazama ni ile ya bei nafuu: filta ya hewa imeziba vumbi. Ndiyo maana fundi mwaminifu huanza hapo, na fundi mwingine huanza kwa kuwaambia engini nzima ifunguliwe. Filta ikiwa safi, tazameni nozeli. Zikichakaa hazinyunyizi mafuta kama ukungu bali huyadondosha, na matone hayaungui vizuri. Baada ya hapo ni pampu ya dizeli. Madereva wengi hutaka gari liwe na nguvu, basi fundi hufungua pampu impe mafuta zaidi. Nguvu huongezeka kidogo, moshi huongezeka sana.

Moshi huo mweusi ni pesa zenu. Tuchukue mfano rahisi. Gari lililo sawa linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Lenye nozeli mbovu linakwenda 8. Katika kilomita 1,000 la kwanza litakunywa lita 100, la pili lita 125. Zidisheni zile lita 25 kwa bei ya dizeli ya wiki hii, kisha kwa safari zenu za mwaka. Mweka hazina aifanye hesabu hiyo ubaoni, watu wote waione.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ringi za pistoni zimelegea, au sili za valvu zimechoka, au turbo inavuja. Huu ni ugonjwa wa gharama. Muuzaji anaweza kuuficha kwa kuweka oili nzito kabla hamjafika, na kwa siku mbili tatu gari litatulia. Tazameni hasa pale dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko kisha akakanyaga tena. Pufu la bluu likitoka wakati huo, msidanganywe.

Moshi mweupe asubuhi, wakati engini ni baridi, mara nyingi ni mvuke tu na huisha baada ya dakika chache. Ukiendelea engini ikiwa imeshapata moto, kuna mambo mawili: ama maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda kwa sababu gasketi imeungua, ama dizeli inapita bila kuwaka. Pima maji ya rejeta jioni na asubuhi. Yakipungua na chini hakuna tone, yanakwenda wapi?

Kuna mafundi ambao kila rangi ya moshi huisingizia mafuta ya hapa. Zamani walikuwa na haki kidogo. Sisi wa Mombasa tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe, ambacho kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na dizeli ya miaka hiyo ilikuwa na salfa nyingi. Lakini tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na risasi kwenye petroli iliondolewa kufikia 2006. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa nako kulikuwa kumezidi, hata serikali ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwezi Septemba 2018 ili mchezo huo usiwe na faida. Basi nunueni mafuta kituo kinachojulikana, wekeni risiti, na mkiambiwa tena kwamba ni mafuta, mwambieni fundi afungue nozeli muone.

Siku ya kwenda kuliangalia gari

Msiende mmoja. Aende fundi wa kikundi, mweka hazina, na mtu mmoja asiyelipenda gari hilo. Huyu wa tatu ni muhimu, kwa sababu wengine wote mtakuwa mmeshaanza kuchagua rangi ya mapazia.

Mwambieni muuzaji mapema asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika, mmoja aweke mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, na muuzaji anasema, "Karibuni ndugu zangu, nimelipasha kidogo tu lisiwachelewesheni," basi jueni kuna kitu asubuhi kinachotaka kufichwa. Rudini siku nyingine.

Likiwashwa likiwa baridi, mmoja asimame nyuma kwa upande, si mbele ya bomba la moshi. Aangalie rangi tangu sekunde ya kwanza mpaka dakika ya kumi. Kisha achukue kitambaa cheupe akikinge mbele ya ekzosi, mbali kidogo kisiguse, kwa muda mfupi. Masizi makavu meusi ni dizeli isiyoungua. Doa la mafuta linaloteleza ni oili. Kitambaa hicho mkihifadhi pamoja na kumbukumbu za mkutano, kitasaidia siku mtu akiuliza kwa nini hatukununua.

Halafu litoeni Kisiwani. Barabara za hapa ni tambarare, gari bovu linaweza kutembea kutoka Mwembe Tayari hadi Ndia Kuu likionekana zima. Lipelekeni likapande Mazeras, na watu ndani, na mizigo ya uzito unaofanana na vitanda na tangi la maji. Gari la kulala hubeba nyumba kila siku, si Jumapili tu. Hapo kwenye mlima ndipo moshi husema kweli.

Ulizeni pia kuhusu kile kichujio kilicho kwenye bomba la moshi, katalaiza. Ndani yake mna madini ya thamani kama platini na paladi, na ndiyo sababu huko mitaani hung'olewa na kuuzwa, gari likafungwa bomba tupu. Magari mengi kutoka Japani hufika nayo. Mtakapolinunua hapa huenda haipo. Fundi aingie chini aone kwa macho.

Siku ya ukaguzi

Nafasi ya ukaguzi huombwa na kulipiwa kwa mtandao, kwenye tovuti ya huduma za NTSA. Ada hutegemea aina ya gari, kwa hiyo tazameni humo humo badala ya kumuuliza mtu wa kati. Sisi wa Mombasa kituo chetu ni Miritini. Mkisoma mahali pameandikwa Likoni Road msikimbilie feri. Hiyo ni Likoni ya Nairobi.

Dizeli inapopimwa kwa mashine, inapimwa hivi: engini iwe na moto wa kutosha, gari lisimame, halafu kanyagio linabanwa haraka hadi mwisho na kuachiwa, mara kadhaa. Kipima moshi huingizwa kwenye ekzosi na kuona ni mwanga kiasi gani unapita katika moshi. Mwanga ukizibwa sana, gari limeanguka. Petroli hupimwa tofauti: mashine huvuta hewa ya ekzosi na kusoma hewa zisizoonekana. Mahali pasipo na mashine, jicho la mkaguzi ndilo kipimo, na moshi wa kukufumba macho hauhitaji mashine.

Kwa hiyo, sevisi ifanywe wiki moja kabla, siyo asubuhi ile ile. Oili mpya, filta ya hewa, filta ya dizeli. Kwa engini yenye mkanda wa taimingi, fundi aukague, maana engini ikipigwa resi hadi mwisho na mkanda umechoka, utakatika hapo hapo na engini kuharibika. Siku yenyewe liendesheni vya kutosha kabla ya kufika, na foleni ikiwa fupi lisipoe.

Ule mchezo wa kupunguza pampu siku ya ukaguzi na kuifungua tena jioni, au kuazima tairi za jirani, nyinyi mnaujua kuliko mimi. Nataka tu kuuliza unamdanganya nani. Mkaguzi ataliona gari lenu mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote mtakuwa nalo nyinyi, na dizeli mtalipa nyinyi.

Moshi usioonekana

Hapa ndipo gari la kulala linapoachana na matatu, na ningeomba kama mtasoma sehemu moja tu kwa sauti mkutanoni, iwe hii.

Katika moshi wa engini yoyote mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ni ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mtu akiivuta, inaingia kwenye damu na kukamata nafasi ya oksijeni, na inashika kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Abiria wa matatu huishukia Makupa baada ya dakika ishirini, dirisha liko wazi. Mgeni wenu atalala saa nane, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu.

Hewa ya chumvi ya Pwani hula bati. Gari lililokaa miaka mingi hapa huwa na matundu sakafuni ambayo yamefunikwa na zulia, na ekzosi iliyotoboka chini yake. Ukaguzi wa moshi hupima mdomo wa bomba. Tundu lililo chini ya godoro linaweza lisionekane. Kwa hiyo zulia litolewe lote kabla ya kulipa. Fundi aliwashe gari likiwa limesimama nje penye upepo, avae glavu, azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu. Bomba zima litaisumbua engini, itataka kuzima. Ikiendelea kuunguruma kama kawaida na chini kukasikika mlio wa kuvuja, kuna tundu.

Mkishatengeneza, mdomo wa ekzosi utoke kabisa nje ya bodi, usiishie chini ya gari. Kila tundu la waya na la bomba la maji lizibwe. Chumba kiwe na tundu la hewa chini na jingine juu, lisilofungika, hata mgeni akilalamikia upepo. Engini isiachwe ikinguruma usiku ili kiyoyozi kifanye kazi. Jenereta iwe mbali, upande upepo unakokwenda. Jiko la makaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu. Na kuna king'ora kidogo cha betri kinacholia hewa hiyo ikizidi. Kinunuliwe kabla ya mapazia.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Huku kwetu mtu akiwa hivyo kila mmoja atasema ni malaria. Tofauti ni kwamba malaria haiwashiki watu wawili saa moja usiku mmoja, na haiwaachi wakishuka garini kupunga hewa. Mkiona hivyo, zimeni kila kitu, watoeni nje, muwapeleke hospitali wakapewe oksijeni. Anayezinduka akasema yuko sawa naye apelekwe.

Na majirani wa Mji wa Kale

Nimesema mengi kuhusu mfuko wenu na wageni wenu. Wako pia wale ambao hawatapanda gari hilo kamwe. Njia za Mji wa Kale zilijengwa kwa watu wa miguu, na nyumba zimekaribiana hata upepo wa kusi hauingii vizuri. Watu huketi barazani, na baraza iko usawa wa ekzosi ya tuktuk. Mzee mwenye pumu anayekunywa kahawa yake pale Kibokoni anavuta kila tuktuk inayopita. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hapo Fort Jesus utaona magari ya watalii yameegeshwa huku engini zikinguruma nusu saa nzima, ili mgeni akirudi akute ndani ni baridi. Sheria za kikundi zinaweza kumaliza jambo hilo bila kungoja askari: dereva wetu akiegesha, anazima.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika akiba yetu, tumetenga kiasi gani cha matengenezo na ukaguzi wa mwaka wa kwanza, mbali na bei ya gari? Kama hakuna, tupunguze bei ya gari au tungoje mwaka mmoja?

2. Nani kati yetu anaweza kuwa yule mtu asiyelipenda gari, na tutamlinda vipi asichukiwe akisema hapana?

3. Kitabu cha gari kitakuwa kwa jina la nani, na cheti cha ukaguzi kitawekwa wapi ili kila mwanachama aweze kukiona siku yoyote?

4. Dereva akileta gari likifuka moshi mweusi siku ya Jumatano na kuna wageni wamelipia Alhamisi, nani ana mamlaka ya kulizuia lisitoke?